Panya Wawili Wenye Alama Moja

Marahaba. Najua bado hamjanisalimia, lakini mnaosoma haya ni vijana mnaoanza kazi za maabara, na kijana anayeanza kazi huwa na haraka. Nimeitikia mapema ili tuendelee.

Mimi ni Mama Neema, nakaa Kimandolu, nimestaafu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutunza panya. Ukisema hivyo hapa Arusha watu wanadhani unatania. Jirani yangu mmoja mwenye duka la nafaka alinifuata asubuhi moja akasema, "Mama Neema, wewe si mtaalamu wa panya? Njoo unisaidie, wamenimalizia mahindi." Nikamweleza kwamba mimi nalipwa kuhakikisha panya hawafi. Aliniangalia muda mrefu, halafu akaondoka. Tangu siku ile salamu zake zilipungua.

Na hao panya wa mahindi nilikuwa nawakimbia. Sheria ya kazini ilikuwa kwamba ukigusa panya wa mtaani, huingii chumba cha panya wetu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo panya akitokea jikoni kwangu, mtaalamu ndiye aliyepanda juu ya kiti, na mume wangu anashika fagio huku anacheka mpaka anashindwa kupiga.

Sababu ya woga wote huo ni hii. Panya wetu walizaliwa bila kinga ya mwili. Weupe, macho mekundu, wazuri kuwatazama, lakini ndani yao hakuna ulinzi wowote. Uchafu mdogo wa ukucha wako unaweza kuwamaliza. Ndiyo maana chakula chao, maji yao, hata maranda ya kulalia, vyote vilipita kwanza kwenye mashine ya mvuke. Sasa, kwa kuwa hawana kinga yao wenyewe, ukiwawekea seli za kinga za binadamu hawazikatai. Zinakaa, zinaongezeka, zinafanya kazi. Unapata panya anayetembea na kinga ya mtu, na kwake unajifunza mambo ambayo huwezi kumjaribishia mtu.

Niliingia kazi hiyo nikitokea shamba la maua kule Usa River. Kwenye usaili waliniuliza najua nini kuhusu panya. Nikasema sijui kitu, ila najua kuchovya miguu kwenye dawa kabla ya kuingia banda la maua, najua kunawa, na najua kwamba ugonjwa huletwa na mtu aliyesema "mara hii moja tu". Wakanipa kazi. Kumbukeni hilo la mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau.

Aliyenifundisha ni Mzee Lomayani, msimamizi wa nyumba ya panya. Alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, amekulia kwenye ng'ombe na mbuzi, mrefu kiasi kwamba ovaroli la kazini lilimwishia juu ya kifundo cha mguu. Alikuwa anasimama mbele ya vizimba, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja mnadani na hana haraka ya kununua.

"Usimshike kwanza," aliniambia wiki ya kwanza. "Mwangalie."

"Namwangalia nini, mzee?"

"Mgongo."

Panya mgonjwa hujikunja mgongo kama mtu anayesikia baridi ya Julai. Manyoya yanasimama, macho yanafinywa, anajitenga pembeni. Nilipomwambia kwamba mizani inaonyesha uzito haujashuka, alisema mizani itajua kesho. Na mara nyingi kesho yake mizani ilijua. Si kila mara, lakini. Siku moja alimtangaza panya mmoja kuwa yuko mahututi, akaita watu, kumbe mwenzetu alikuwa amelala usingizi mzuri. Tulimtania mwezi mzima.

Alikuwa na mambo yake mengine ambayo hamtayakuta kwenye miongozo. Andikeni kadi ya kizimba kwa penseli, si kwa kalamu, maana tunapuliza spiriti kila mahali na spiriti inafuta wino. Shikeni mkia karibu na kiuno, si kwenye ncha. Kateni kucha. Na msiende kazini mnanukia. Hili nililijua kwa uchungu. Jumatatu moja niliingia na mabaki ya manukato niliyojipaka Jumapili kanisani, nikahamisha panya aliyekuwa amezaa juzi yake. Saa chache baadaye alikuwa amekula watoto wake wote. Panya mzazi akichanganyikiwa na harufu ngeni anaweza kufanya hivyo. Nililia. Mzee Lomayani akanipa kipande cha sabuni isiyo na harufu, akasema, "Mungu anakujua hata bila marashi."

Siku hizi naambiwa panya wanawekewa kidude kidogo chini ya ngozi, unapitisha kifaa na namba inatokea yenyewe kwenye kioo. Vizuri sana. Sisi tulikuwa tunawatoboa masikio. Tundu moja sikio la kushoto, huyo namba moja. Mawili, namba mbili. La kulia, namba tatu, na kuendelea. Na kila kizimba kilianza upya na namba moja yake. Hapo ndipo palipo na kisa changu.

Siku moja alikuja mtafiti mpya, Daktari Aikande, mama wa Kichaga mwembamba, mpole, anayekula karanga moja moja kama anazihesabu. Alitukusanya mimi na Mzee Lomayani akatueleza anachotafuta. Kinga ya mwili, alisema, ina seli za kushambulia, lakini ina pia seli nyingine zinazoziambia zile za kwanza ziache. Kitaalamu zinaitwa seli T dhibiti. Zikipungua au zikizembea, kinga inamgeukia mwenye mwili.

Mzee Lomayani akatikisa kichwa. "Hao ni wazee," akasema. "Morani wasio na mzee wa kuwaambia 'basi' watamaliza ng'ombe wa jirani, halafu watarudi wawamalize wa baba zao."

Daktari akacheka, na tangu siku hiyo kwenye nyumba ya panya seli zile ziliitwa wazee. Hata yeye alisahau akaziita hivyo mbele ya wageni.

Sababu yake ya kuzitafuta aliniambia baadaye, tukiwa wawili tunakunywa chai. Kaka yake aliugua saratani ya damu, akapelekwa India kupandikizwa uboho. Aliyetoa uboho ni Daktari mwenyewe. Saratani ilipona. Ila seli zake, zikiwa ndani ya mwili wa kaka, ziliuona ule mwili kuwa mgeni, zikaanza kuushambulia.

"Yuko Moshi," alisema. "Anafanya kazi, ana familia. Ngozi ya mikono imekakamaa, na macho yake hayatoi machozi tena. Mama yetu alipofariki alisimama pale kaburini macho makavu, watu wakamsema. Seli zangu ndizo zilizomfanya vile, Mama Neema."

Nikammiminia chai nyingine.

Jaribio lake lilikuwa hivi. Panya wote walipewa seli za kinga kutoka kwenye damu ya mtu mzima mmoja aliyejitolea. Seli hizo zingemshambulia panya kama zile za Daktari zilivyomshambulia kaka. Panya wa nusu ya vizimba waliongezewa wazee, wa nusu nyingine hawakuongezewa. Wazee wenyewe walitoka kwenye damu ya kitovu cha mtoto mmoja aliyezaliwa salama, mama yake akiwa ameelezwa kila kitu na kukubali. Daktari alizikuza maabara wiki baada ya wiki mpaka zikatosha, nyingine akazitumia, zilizobaki akazigandisha kwenye vichupa. Kazi yangu ilikuwa kusafisha, kupima uzito na kuandika hali ya kila panya. Sikuruhusiwa kujua kizimba kipi kina wazee, ili macho yangu yasipendelee.

Wiki ya pili ya jaribio ikaangukia kwenye kipaimara cha Neema wangu. Jumamosi asubuhi, kesho yake ndiyo ibada. Turubai limeshafika nyumbani, mashemeji wameshafika kutoka Usa River, loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, inapikwa na mtu ambaye simwamini kwa chumvi, na mimi niko kazini, simu kwenye kabati la kubadilishia nguo ilikuwa inatetemeka bila kukoma. Nilikuwa na vizimba vya kubadilisha maranda. Sheria ni kufungua kizimba kimoja tu, ukimalize, ukifunge, ndipo ufungue kingine. Nikajiambia, mara hii moja tu. Nikafungua viwili pamoja, cha saba na cha kumi na moja.

Panya mmoja akaruka kutoka cha saba. Nilipomfuata kwa mkono, kiwiko kikagusa kizimba cha pili, na mwingine akaruka. Hawakwenda mbali, walizunguka tu pale mezani ndani ya kabati la hewa safi tunamofungulia vizimba. Niliwakamata wote kwa muda mfupi. Nikatazama masikio. Tundu moja, kushoto. Nikatazama wa pili. Tundu moja, kushoto. Majike wawili, umri mmoja, weupe mmoja.

Nilisimama nao, mmoja kila mkono. Nikajaribu kukumbuka nani alikimbilia wapi. Kisha nikamrudisha mmoja huku na mwingine kule, kwa kukisia, nikafunga, nikavua glovu, nikaenda kupokea wageni. Kwenye picha za kipaimara nimesimama karibu na Neema nikiwa na uso wa mtu aliyeacha jiko linawaka.

Siku zikaenda. Katika kizimba cha saba wote walikuwa wazima, isipokuwa namba moja aliyeanza kujikunja mgongo. Katika cha kumi na moja wote waliugua, isipokuwa namba moja aliyekuwa anakimbia juu ya wenzake kama yuko uwanjani. Sikujua wazee wako wapi, lakini nilijua hesabu ile imekaaje. Niliandika nilichokiona, ambacho kilikuwa kweli, na nikanyamaza kuhusu nilichokifanya, ambacho pia kilikuwa kweli.

Daktari alianza kukonda. Alirudia kupima dawa zake, akabadilisha maji ya kuchanganyia, akakagua mashine. Karanga zilibaki mezani hazijaliwa. Jumatatu ya wiki iliyofuata alikuja mlangoni kwetu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nadhani wazee niliowakuza ni wabovu. Wengine wanafanya kazi, wengine hapana. Kesho nitavimwaga vile vichupa vyote, nianze kutafuta damu nyingine."

Akaenda zake. Mimi nilikuwa na Mzee Lomayani kwenye sinki, tunaosha chupa za maji. Nikamweleza yote, kuanzia turubai mpaka masikio. Hakuacha kuosha.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu, mzee."

"Mimi si mwenye panya."

"Atanifukuza."

"Inawezekana," akasema, akasuuza chupa, akaiinamisha. "Nenda sasa hivi kabla hajanywa chai. Akishakunywa atakuwa na nguvu ya kukufokea."

Nilimkuta Daktari anaandika lebo. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lini?" akauliza.

"Jumamosi ile ya kabla ya kipaimara."

"Siku tisa."

"Ndiyo, Daktari."

"Siku tisa nimekuwa natafuta kosa kwenye mikono yangu mwenyewe." Hakupaza sauti. Angepaza ningeona nafuu. "Unajua nilichokuwa nawaza? Kwamba hata nikiwa na maabara nzima, seli zinazotoka mikononi mwangu zinadhuru tu."

Wanangu, nimewahi kung'atwa na panya, nimewahi kuunguzwa na mvuke wa ile mashine. Hakuna kilichoniuma kama sentensi ile.

Kisha akainuka. "Niletee namba moja wa kizimba cha kumi na moja. Taratibu, usimshtue."

Alichukua tone la damu mkiani. Ile damu ya kitovu na ile ya mtu mzima zilikuwa na alama tofauti za ukoo, na mashine ingeweza kuzitambua. Kizimba cha kumi na moja hakikupewa wazee. Kama panya yule anao, basi ni mgeni pale. Tatizo ni kwamba wazee hawakai sana kwenye damu. Kila siku niliyonyamaza walikuwa wanapungua.

Tulisubiri mpaka mchana. Mzee Lomayani alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma. Daktari akatazama kioo, akakisogeza karibu, akahesabu tena.

"Wapo," akasema. "Wachache sana. Wiki ijayo nisingewakuta."

Nikadhani mambo yamekwisha. Nikasema, "Basi tuwarudishe kila mmoja kwao, na namba zao tuzirekebishe."

"Hapana. Huyu nimemthibitisha. Yule wa kizimba cha saba nimempima pia, sikuwakuta wazee ndani yake, lakini huenda walikuwepo wakaisha. Siwezi kuandika kitu kwa sababu kinapendeza." Akafuta mistari miwili kwenye jedwali lake. "Wote wawili wanatoka. Na tunarudia jaribio lote. Vichupa vinabaki."

Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Nilipewa pia Mzee Lomayani. Wiki nzima alinifanya nibadilishe maranda kwenye vizimba vitupu vyenye vipande vya pamba badala ya panya. Alikuwa anapita nyuma yangu anasema, "Huyo pamba namba tatu umemshika shingo." Watu walikuwa wanapita dirishani wanacheka. Nilicheka na mimi kuanzia siku ya nne.

Daktari hakurudi kuwa kama zamani kwangu mara moja. Alinisalimia vizuri, alisema tafadhali na asante, lakini chai alikunywa ofisini kwake. Halafu jaribio la pili lilipofika wiki ya tatu, alikuja siku moja na chupa yake ya chai, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza Neema anaendeleaje na shule. Basi.

Jaribio lile la pili lilienda vizuri. Siku ya kufungua siri, Daktari alisoma vizimba kimoja kimoja, nami nikasoma hali niliyoandika. Walioongezewa wazee wengi wao walikuwa wima, manyoya yamelala, wanakula. Wasioongezewa walikuwa wamepungua uzito mapema, na tulikuwa tumeshawalaza bila maumivu kama utaratibu unavyotaka. Wengi, nimesema, si wote. Mmoja alikuwa na wazee na bado aliugua vibaya, na Daktari alimwandika vilevile alivyo. Bado si dawa ya mtu, alisema, ni njia tu, na ni ndefu. Lakini alimpigia kaka yake simu mbele yetu. Alipokata alikuwa anatabasamu kwa shida.

"Anauliza kama panya anatoa machozi."

Nikasema miaka yote hii sijaona. Mzee Lomayani akasema yeye atawaangalia vizuri zaidi.

Miezi kadhaa baadaye Daktari aliwasilisha kazi hiyo kwenye ukumbi mmoja pale Themi, mbele ya watafiti wa hapa na wa nchi jirani. Alitualika sisi wawili. Mzee Lomayani alivaa suti, tukakaa nyuma. Picha zilipita ukutani, mistari ya juu na ya chini, na kwenye picha moja kulikuwa na maneno madogo: panya wawili wa jaribio la kwanza waliondolewa kwa sababu walibadilishana vizimba.

Mgeni mmoja, mwanamama mwenye mvi, profesa, akanyoosha mkono. Aliacha mistari yote akauliza juu ya maneno yale madogo. Panya wale walikuwa na alama moja, mlijuaje kwamba walibadilishana?

"Tuliambiwa," alisema Daktari Aikande.

"Na nani?"

Daktari hakunitazama. Aliniachia. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye kalamu, na mtu wa karibu nami alikuwa anakunja karatasi ya peremende polepole. Nikasimama.

"Na mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyewachanganya."

Nikaeleza kwa Kiswahili, vizimba viwili, kipaimara, siku tisa, tone la damu, na Daktari akawa anawatafsiria wale wasioelewa. Hakuna aliyecheka. Nilipoketi, Mzee Lomayani alinisogezea chupa yake ya maji bila kunitazama.

Wakati wa chai yule profesa alinitafuta. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvuka mpaka, lakini kilitosha. Alinishika mkono akanivuta kando ya meza ya sambusa.

"Mimi pia nilikuwa na panya wangu," akasema. "Zamani, nikiwa msichana. Walikuwa watatu."

"Ulimwambia nani?"

Akaweka kikombe chake mezani.

"Wewe," akasema.